Wezi Wengi wa Meza Moja

Kufikia chai ya saa nne, Sajini Rosalind Akehurst wa upelelezi alikuwa na meza moja iliyoibwa na wezi watano waliojileta wenyewe kituoni. Walipanga foleni. Walipishana mlangoni kwa adabu: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Katika kazi hii mwizi mmoja anaweza kukutoa jasho mwaka mzima. Watano kwa asubuhi moja ni dharau.

Wa mwisho alikuwa Reg Wickens, tarishi mstaafu mwenye goti bovu, aliyeikumbatia kofia yake mapajani kama mtu aliyekuja kuposa.

"Niliiba mimi," alisema.

"Uliibaje?"

"Kwa mikono."

"Meza ya biliadi ya baa, babu. Ndani yake mna bamba la jiwe. Inataka wanaume wanne walioshiba."

"Nilikwenda polepole."

"Ukaibeba kwa gari gani?"

Reg alifikiri. "Baiskeli."

Rosalind akaweka kalamu chini, taratibu, asije akaivunja.

"Babu Reg, hapo nje kuna mama anasema aliiba yeye kwa toroli la bustani. Kabla yake kuna bwana kasema aliipasua akaota moto. Mmekaa kikao, au kila mtu kaja na lake?"

"Tungekaa kikao, afande, mimi nisingepewa baiskeli. Goti hili wanalijua."

Alipomrudisha kwenye benchi, Rosalind akaambiwa kuwa mwizi wa sita anaulizia maegesho.

Kesi yenyewe mtu angeweza kuisimulia huku akifunga viatu. Baa ya Mganda wa Ngano, kijijini Harkdean, ni mali ya kampuni ya bia, na kila kilichomo ni mali ya kampuni hiyo, hadi meza ya biliadi iliyowekwa humo kabla ya vita. Kampuni ikafungua makumbusho yake mjini, ikaitamani meza. Wanywaji wakanung'unika. Mwisho wakakubaliana: Colin Botting, mwalimu wa useremala, atengeneze nakala isiyotofautika na ile. Nakala ibaki baa, ya kale iende makumbusho. Colin akaitengeneza, na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuona jambo nusunusu, akazivisha meza zote mbili kitambaa kipya cha kijani na kuzisugua shaba zake zikang'aa sawasawa. Wapagazi wakaja, wakachukua meza.

Halafu Bwana Fanshawe, mtunza mali-kale wa kampuni, akainua kitambaa kule makumbusho. Chini yake, badala ya jiwe, akakuta mbao.

Akakimbilia Harkdean kuitazama iliyobaki. Kitambaa kipya, kinanuka gundi. Shaba kama ya jana. Naye akaandika: nakala. Konstebo aliyetumwa akaandika vivyo hivyo. Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa kwamba Colin alitengeneza nakala mbili na ya kale akaiyeyusha. Juu ya hayo, duka la mbao lilithibitisha kuwa fundi alinunua mbao za mkangazi mara mbili.

Colin alikuwa selo tangu jana. Jioni hii ilikuwa lazima ashtakiwe au aachiwe. Mkuu wa shule yake alishapiga simu: akishtakiwa, asirudi hata kuchukua aproni.

*

Colin Botting alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Alikaa akiigonga meza ya mahojiano kwa kidole, si kwa wasiwasi. Alikuwa anasikiliza ubao.

"Hii ni takataka ya mbao iliyogandishwa kwa gundi," alisema. "Mmeuziwa."

"Mwalimu, kilichoibwa si hii. Mbao ulinunua mara mbili. Kwa nini?"

"Ya kwanza niliikosea. Nilitoboa mashimo yote tisa, yakatoka kinyume. Ya kulia yakawa kushoto. Nikaifanya kuni."

"Fundi kama wewe unakoseaje kulia na kushoto?"

"Nilipima nikiwa chini ya meza, nimelala chali. Nilipoinuka nikasahau kugeuza."

"Na chini ya meza ulikwenda kufanya nini?"

"Juu watu walikuwa wanacheza."

"Usingewaambia wasubiri kidogo?"

Colin akamtazama kama mtu aliyeambiwa asimamishe mazishi ili atafute funguo zake kaburini.

"Walikuwa wametia sarafu," alisema.

Rosalind alielewa. Alizaliwa upande huu wa vilima vya Sussex. Baba yake aliwahi kuchelewa kwenye ubatizo wa mwanawe mwenyewe kwa sababu komeo lilikuwa halijaanguka. Ndivyo meza zile zilivyo. Unatia sarafu, saa ya ndani inaanza kugonga, mipira inakuja. Muda ukiisha, komeo linadondoka tumboni mwa meza, kwap, na mpira unaoingia shimoni haurudi tena. Kabla ya hapo meza ni ya mwenye sarafu. Anayefuata huweka sarafu yake ukingoni na kusubiri.

"Siku wapagazi walipokuja ulikuwepo?"

"Nilikuwa darasani. Yangu niliipeleka siku moja kabla, nikaiweka karibu na dirisha. Ya zamani ilikuwa ukutani."

"Sasa ya zamani iko wapi?"

"Mara ya mwisho kuiona ilikuwa mahali pake."

"Unajua unaweza kupoteza kazi, na bado unanitania?"

"Sijakutania, afande. Nimekujibu."

"Nani aliyeitoa?"

Colin akarudi kuusikiliza ubao. "Nikisema zaidi, nitakuwa nasema ya watu."

Rosalind akatoka na kuufunga mlango kwa ustaarabu mkubwa. Kisha akaipiga teke ndoo ya usafi iliyokuwa koridoni, ambayo haikuwa na kosa lolote.

*

Len Hoad, mkuu wa wapagazi, alikuwa kwenye ua wa kampuni ya bia akivingirisha mapipa. Bwana Fanshawe alisimama pembeni na skafu ya hariri, akihakikisha kwamba sheria inamwona amesimama.

"Nikishakula nitapita pale Mganda wa Ngano, Sajini," alisema Fanshawe. "Natumaini utakuwa umeniandalia jibu."

"Na mimi natumaini," alisema Rosalind, akamvuta Len nyuma ya lori. "Mlikwenda wangapi kuichukua?"

"Wawili. Mimi na mpwa wangu."

"Mkaibeba wawili?"

"Nyepesi tu. Kama kabati la nguo, bila nguo."

"Meza yenye bamba la jiwe, Len. Hukushangaa?"

"Silipwi kushangaa, dada. Nalipwa kubeba."

"Mlikuta meza mbili. Mlichaguaje?"

Len akapangusa mikono, kwanza kwa kitambaa, kisha kwa suruali, kisha akarudia kitambaa. "Tulikunywa bia kwanza. Tukasubiri."

"Mkasubiri nini?"

"Tukasubiri tu. Baadaye tukachukua iliyokuwa tayari."

"Nani alikuambia ndiyo hiyo?"

"Hakuna aliyesema kitu. Kulikuwa na mchezo." Akamchungulia Fanshawe juu ya pipa, akashusha sauti. "Mimi mwenyewe mchezaji. Nachezea baa ya Farasi Mweupe, ligi ya Alhamisi. Tuliwafunga hao wa Mganda wa Ngano mara ya mwisho, ukitaka kuandika."

Rosalind hakuandika. Alijua amepewa kitu mkononi, ila kimefungwa kwenye gazeti la jana, na yeye hana subira ya kufungua magazeti.

*

Mvua ilikuwa inanyesha Harkdean. Wezi walikuwa wamerudi kutoka kituoni kwa basi na kukaa kila mmoja kwenye kiti chake, kama watu waliotoka kanisani. Nyuma ya kaunta alikuwepo Doreen Honeysett, mwenye kuiendesha baa, mwanamke wa mikono minene aliyekuwa anafuta glasi moja tangu Rosalind aingie mlangoni.

"Mkate na jibini, mwanangu?"

"Mkate na jibini. Na kitunguu. Nataka kuitazama meza."

"Itazame tu. Ila kuna mchezo."

Ulikuwepo. Mavis Tester, aliyekuwa dereva wa basi na sasa nahodha wa timu, alikuwa ameinama upande wa mbele, upande pekee ambao mtu huchezea, akiulenga mpira mwekundu katikati ya vigingi vinavyofanana na uyoga. Saa ilikuwa inagonga tumboni mwa meza. Rosalind akakaa akala. Kitunguu kikamchoma macho. Komeo likadondoka, kwap. Akapangusa mdomo, akainuka.

Kabla hajamaliza kuinuka, mkono wa Reg ukachukua sarafu ukingoni na kuitumbukiza. Saa ikaanza upya.

"Samahani, afande," alisema Reg. "Nilikuwa nimeshaweka."

Akakaa tena. Akanywa bia nusu iliyozimuliwa kwa soda ya limau. Komeo likadondoka. Mavis akatia sarafu.

"Mama Mavis, nipe nafasi kidogo tu."

"Mchezo ukiisha, mwanangu. Wewe si mgeni hapa, unajua mambo yalivyo."

Alijua, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hii kukaa kwenye kiti hiki akisubiri meza hii, na mara zote mbili zilizopita aliondoka akiwa ameshiba jibini na hajagusa kitu. Konstebo wake alisubiri, akachoka, akaandika alichokiona kwa mbali. Fanshawe naye alisubiri. Siku ya kazi, mvua inanyesha, baa ina watu sita, na meza haipumziki kama kinu cha harusi.

Akamtazama Mavis vizuri. Kidole chake kilikuwa na plasta. Alikuwa anapiga mpira huku anatazama dirishani. Mpira ukaingia shimo la mia mbili, shimo gumu kuliko yote, na hakuna aliyeguna. Rosalind akageukia ubao wa pointi ukutani. Ubao ulikuwa mtupu. Chaki ilikuwa nzima, na kwenye kishikio chake buibui alikuwa ameshatandika kitanda.

Watu hawa walikuwa na uwezo wa kununiana miaka miwili kwa ajili ya pointi kumi.

"Mbona hamuandiki?" aliuliza.

Doreen akaikazania glasi yake.

"Mnacheza tangu niingie, hakuna anayejua nani anaongoza?"

"Ni mchezo wa kirafiki," alisema Mavis.

"Hamjawahi kuwa na mchezo wa kirafiki tangu nizaliwe."

Rosalind akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Hakumgusa Mavis, hakugusa fimbo wala mpira. Alipiga magoti, akalala chali kwenye zulia lililokunywa bia nyingi kuliko watu, akajisukuma chini ya meza kama Colin alivyofanya alipokuwa akipima. Akaupitisha mkono juu, katikati ya fremu za mbao, mpaka kiganja kikagusa tumbo la meza.

Jiwe. Baridi, kavu, lisilo na utani.

Akajaribu kuutikisa mguu wa meza kwa bega. Ilikuwa sawa na kulitikisa kanisa.

"Mama Doreen," aliita kutoka kule chini. "Jiwe hili lina baridi."

"Jengo la zamani, mwanangu. Kila kitu kina baridi."

Kutoka alipolala aliona viatu tu, na viatu vyote vilikuwa vimesimama. Juu yake saa iliendelea kugonga.

"Ngoja niwasimulie, mnikosoe," alisema. "Hakuna nakala ya pili. Kuna nakala moja, iko makumbusho. Ya kale haijatoka ukutani hapa hata siku moja. Len alipokuja, mbili zilikuwepo. Hii mlikuwa mnacheza. Ile ya dirishani ilikuwa imekaa bure. Akasubiri komeo. Komeo likianguka, sarafu nyingine. Mkamwongeza bia, akasubiri tena. Mwisho akachukua isiyochezwa, kwa sababu mtu mwenye malezi hamnyang'anyi mwenzake meza aliyoilipia. Na tangu siku hiyo hamchezi. Mnalinda zamu."

Kiatu cha Reg kikajikuna kwa kiatu kingine.

"Hatukuiba," alisema Doreen. "Tulicheza tu."

Rosalind akajitoa chini ya meza, nywele zimejaa vumbi na ganda moja la karanga. "Colin kalala selo. Anakaribia kupoteza kazi. Mngesema."

"Colin ndiye aliyesema tusiseme," alisema Mavis, bila kuacha kupiga. "Alisema wakijua wataichukua hii, na yeye atatoka tu kwa kuwa hana kosa. Halafu hakutoka. Ndipo tukaja kukiri."

"Sita kwa mpigo?"

"Tulidhani mkishakuwa na wezi wa kutosha, mtamwachia wa kwanza."

Rosalind alifumba macho, akayafumbua. Bado walikuwepo.

"Na ya Colin ina ubaya gani? Si sawasawa na hii?"

"Ni nzuri kuliko hii," alisema Mavis. "Inakwenda inakopigwa. Hii inavuta kushoto. Miaka yetu yote tumekosea kwa hesabu ya huo kushoto, mwanangu. Pale kwenye iliyonyooka mimi si nahodha, ni bibi kizee na fimbo."

Rosalind akaenda kwenye simu ya sarafu iliyokuwa pembeni ya kaunta, akapiga kituoni. "Mwachieni Botting. Hapana, sina mwizi. Sina hata wizi. Mleteni hapa kwa gari, mumwombe radhi njiani."

*

Fanshawe aliingia akikunguta mwavuli, Len Hoad na mpwa wake wako nyuma yake. Komeo lilikuwa limetoka tu kuanguka, na Reg alikuwa ameshatia sarafu.

"Umempata mwizi, Sajini?"

"Nimeipata meza."

"Iko wapi?"

Rosalind akaonyesha kwa kidevu. Fanshawe akaitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena, na shingo yake ikaanza kubadilika rangi juu ya hariri.

"Hii ni nakala. Niliiona mwenyewe."

"Ulikiona kitambaa, bwana. Pitisha mkono chini."

Akapitisha. Alipoutoa, akaupangusa polepole kwa leso. "Basi nimeibiwa na watu hawa."

"Wapagazi wako walikuja kwa amri yako, wakaingia kwa mlango wa mbele, wakachagua kwa mikono yao wenyewe. Hakuna aliyewadanganya, nimeuliza. Polisi hawana kazi hapa."

"Vyema. Meza ni yangu, naichukua sasa. Hoad."

Len hakutikisika. "Kuna mchezo, mzee."

"Nimeona kuna mchezo."

"Ndiyo hivyo, mzee. Kuna mchezo."

Fanshawe alivuta kiti. Naye, pamoja na hariri yake, alikuwa mtu wa kaunti hii. Akakaa na mwavuli katikati ya magoti. "Nitasubiri. Huu mmoja tu."

Walisubiri. Mavis alikwenda kukaa, akatia mkono kwenye mkoba, akautoa mtupu. Doreen alifungua droo ya fedha, akaifunga. Macho yake yakakutana na ya Rosalind, na Rosalind akaelewa: siku zote hizo sarafu zilikuwa zinaingia tumboni mwa meza, na ufunguo wa kisanduku cha sarafu unakaa kampuni. Meza ilikuwa imemeza chenji ya kijiji kizima. Ukingo wa meza ulikuwa mweupe pee. Hapakuwa na sarafu ya kusubiri.

Kwap.

Reg akasimama, akajipapasa koti. Akajipapasa suruali. Akajipapasa kofia.

"Nilikuwa nayo moja," alisema. "Ya nauli."

"Hoad," alisema Fanshawe, akainuka. "Shika huko."

Len akavua koti kwa uzito wa mtu anayevuliwa ngozi. Mpwa wake akashika pembe. Doreen alikuwa amegeukia chupa.

Rosalind alitia mkono mfukoni. Alikuwa na sarafu ya pensi ishirini aliyoibakiza alipopiga simu. Akapita katikati ya Fanshawe na meza, akasema samahani, akaitumbukiza. Mipira ikashuka kwa kishindo, saa ikaanza kugonga.

"Sajini," alisema Fanshawe. "Unafanya nini?"

"Chakula cha mchana. Sijamaliza." Akachukua fimbo ukutani, akainama, akapiga kwa hasira yote ya wiki ile. Mpira ukapita mashimo yote, ukagonga ubao wa nyuma, ukarudi ukavuta kushoto na kukiangusha kigingi cheusi, ambacho kikianguka unapoteza kila ulichokipata na ulichotarajia.

"Bora ubaki polisi, mwanangu," alisema Mavis, akainuka na, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaandika kwenye ubao: sifuri kubwa.

Bado saa ilikuwa inagonga mlango ulipofunguka na Colin Botting akaingia, amelowa, konstebo nyuma yake. Hakusalimia. Alitazama kitambaa, akatazama kigingi kilicholala, akatia mkono mfukoni na kuweka sarafu ukingoni. Konstebo aliona wengine wanamtazama, akajipekua, akaweka yake.

"Hii itaisha lini?" aliuliza Fanshawe. Kisha akamgeukia mtu wake. "Hoad, nakuuliza. Hii itaisha lini?"

Len Hoad alikuwa amesimama ukingoni mwa meza, koti begani. Alikuwa anazitazama zile sarafu mbili, akipiga hesabu ya zamu. Kisha akaweka ya tatu, akaisogeza kwa kidole mpaka ikakaa sawa na zile nyingine.

"Siwezi kusema, mzee," alisema. "Nami nipo kwenye foleni."